Hata Kiazi Iko na Masikio

Wakati yetu, sikio ya mutoto haikuwa yake. Ilikuwa ya kila mukubwa mwenye anapita. Mwalimu anaikamata, shangazi anaichokora, baba anaivuta, na jirani mwenye hamujuane hata vizuri anaipulizia moshi ya tumbako juu alisikia iko dawa. Weye mwenye sikio, kazi yako ilikuwa tu kuileta. Njo maana ninacheka nikisikia batoto ba leo banasema, "Mama, usiniguse masikio, iko privé, yangu peke yangu." Privé! Sisi masikio yetu ilikuwa kama barabara ya Kibabi: kila muntu anapita, na kila muntu anaacha shimo yake.

Tulikuwa bantu ba kulima. Nyumba yetu ilikuwa ku kilima, upande ya Kibabi, na chini kulikuwa kijito. Ng'ambo ya kijito balikaa bantu ba ngombe. Sisi tulibapelekea viazi na maharagi, bao banatupa maziwa ya kuganda na ile siagi ya njano yenye harufu yake inafika mu nyumba mbele ya mwenye kuibeba. Siagi ile tulijipaka mwili, miguu, nywele. Siku ya mungu mukiingia kanisani muko munang'aa kama sufuria mupya, nzi banabafuata mpaka ku mulango, na bamoja banaingia kusali na sisi.

Lakini mbele ya siku ya mungu kulikuwa siku ya posho, jumamosi, na siku ya posho ilikuwa ya Shangazi Venansia. Nitamutaja jina, mimi siogope. Venansia, dada ya baba yangu, mwenye alikuwa na sauti kama ya muntu anauza ndizi. Tukishatoka kuoga mu kijito, miguu tumeisugua na jiwe mpaka inawaka, tunamukuta amekaa ku kirago mbele ya moto. Pembeni yake vitu vitatu: kijiko yenye siagi ya moto-moto, nyoya ya kuku, na pini yake ya nywele.

"Mukuye nifungue masikio! Kesho Neno ya Mungu ikikosa mulango, musiseme Venansia hakutumika!"

Tunajipanga. Unalaza kichwa ku mapaja yake, anakumiminia siagi. Mbele iko utamu, kweli. Inashuka polepole, sauti ya dunia inakwenda mbali, unasikia usingizi. Kisha nyoya inazunguka mule, unacheka, anakupiga ku shavu: "Tulia!" Kisha pini. Hapo hakuna mwenye anacheka. Anachokora, anatoa kidogo ku ncha, anainua ku mwanga bantu bote baone, na kiburi kama muntu amevuna muhogo wa kubeba na bantu babili. "Angalia uchafu! Na mama yake anasema anamuogesha!"

Ile kidogo alitoa ku ncha, sawa. Ile mingi alisukuma ndani, hakuna mwenye aliuliza. Kila posho siagi juu yake, vumbi juu ya siagi, na pini inashindilia, sawa vile tunashindilia maharagi mu gunia na ngumi ili iingie ingine. Hakuna mwenye alituambia kama ile nta ya sikio haiko uchafu. Mwili njo inaitengeneza, inakamata vumbi na vidudu, kisha inatoka yenyewe polepole ukiwa unatafuna viazi yako. Sikio ilikuwa inajifagia. Ilikuwa haina taabu ya uchafu. Ilikuwa na taabu ya Venansia.

Batoto bengine balipona, masikio yao ilikuwa na njia kubwa. Mimi yangu ilikuwa nyembamba. Ikaanza kuziba mwaka kwa mwaka, na mutoto hajue kama anapoteza sauti. Anafikiri ni bantu banaanza kusema polepole. Tulikuwa na muchezo moja: tunakamata makopo mbili ya tomati, tunatoboa chini, tunafunga kamba, moja anasema mu kopo huku, mwengine anasikiliza kule nyuma ya migomba. Batoto banacheka mpaka banaanguka. Mimi ninaweka kopo ku sikio, ninasikia baridi ya kopo. Basi. Ninasema tu "eeh, eeh," na ninacheka wakati bengine banacheka. Nilikuwa mukali sana mu ile kazi ya kusema eeh. Siku moja baliniuliza ku kopo kama mimi ni mbuzi. Nikasema eeh.

Kitu moja ninaikumbuka kuliko yote. Kwetu ku vilima, mama hakuwa anatembea kutafuta mutoto. Anasimama ku kichwa ya kilima, mikono ku kinywa, anaita, na sauti inavuka bonde, inafika. Kila mutoto alijua ya mama yake. Mangaribi bonde yote ilikuwa inaitana, na batoto banapanda mbio, moja-moja, kama kuku banarudi. Mimi ninabaki chini ninachota maji, ninajiuliza bamekimbia nini. Basi mama yangu aliacha kuniita. Hakunipiga, hakuniita kiziwi kama bengine. Alitoa tu kitenge yake ya njano, anasimama juu kule, anaipunga mu hewa. Nikiinua macho, ninaona njano inapepea, ninajua: kuya, bugali imeiva.

Ku masomo nako kulikuwa Mwalimu Anaklet. Huyu naye nitamutaja. Anaklet alikuwa anasoma dictée, maneno ya sisi kuandika, akiangalia dirisha, mugongo kwetu, juu alipenda kuangalia bamama benye kutoka sokoni. Bengine banaandika maneno. Mimi ninaandika upepo. Akiona ukaratasi yangu nyeupe, anakuya na mukono yake kubwa, paa! ku sikio. "Fungua!" Sawa sikio iko mulango, ukiupiga teke unafunguka. Kisha akanitoa mbele, akanipeleka ku banc ya mwisho, karibu na mufagio. Akasema benye kusikia njo bakae mbele, bengine basibasumbue. Hiyo hesabu yake mpaka leo ninaitafuta siipate: mwenye hasikie, umuweke mbali!

Papa yangu akaleta fundi. Fundi ile jina yake ilikuwa Papa Ndoole, mwenye alikuwa anazunguka masoko na mufuko ya ngozi, bantu banamuogopa na kumusifu. Siku alikuya kwetu, mutaa yote ilikuya kuangalia. Akanilaza upande. Akatoa mukono ya jani ya papayi, ile yenye iko wazi katikati kama mupira ya maji, aliifunga kitambaa amepaka nta ya nyuki. Akaisimamisha mu sikio yangu, akaiwasha huku juu. Inawaka, inalia tsss, moshi inaingia mu kichwa, na yeye anaimba-imba mu mapua. Nta ya moto ikadondoka ndani, nikapiga kelele, akasema: "Munaona? Ugonjwa inalia!" Ilipoisha akaipasua na kisu mbele ya bantu. Ndani kulikuwa kitu ya njano, nzito, yenye kunuka.

"Angalieni bamama! Hii yote ilikuwa mu kichwa ya mutoto!"

Bantu: "Eeeh! Yezu!" Venansia akatikisa kichwa, anaangalia mama yangu kwa jicho ile ya kusema nilisema. Ndoole akabeba jogoo yetu, akaacha mukono moja ingine ya papayi, ya sikio ya pili, tuiwashe sisi wenyewe kesho yake.

Lakini mama yangu alikuwa muntu wa kuangalia kitu. Asubuhi, Papa amekwenda shamba, mama akatwaa kiazi kubwa, akaitoboa shimo na kisu. Akasimamisha ile mukono ya papayi mu kiazi, akaiwasha. Tukakaa tunaangalia. Tsss, moshi, yote sawa. Ilipoisha akaipasua. Ndani: kitu ya njano, nzito, yenye kunuka. Sawasawa na ya kichwa yangu.

Mama akanigeukia, akasema kwa nguvu ili nisikie: "Kumbe hata kiazi iko na masikio!" Tulicheka mpaka machozi.

Mangaribi alimuonyesha Papa. Papa aliangalia kiazi, akaangalia mama, akajibu neno yenye mimi sikusikia lakini mama hakuirudilia. Mwanamuke kumufundisha mwanaume na kiazi, pale kwetu, haikuwezekana. Halafu jogoo ilikuwa imekwisha kwenda. Kukubali ni kusema jogoo ilikwenda bure. Basi Papa akaamua hivi: moto ya Ndoole imetoa uchafu yote, mutoto bado hasikie, kwa hiyo iko kichwa njo ilikufa. Akanitoa ku masomo mu mwaka ya ine. "Ku shamba," alisema, "hakuna dictée." Kaka yangu, mwenye alikuwa anasikia vizuri na hakuelewa kitu hata moja, yeye akaendelea.

Mwaka mingi kisha, vita ilifika ku kilima yetu. Benye kuwa wa umri yangu hamuhitaji nibaelezee. Batoto ba leo banafikiri vita ilianza siku bao balipata telefone ya kuipiga picha. Mimi nilikuwa kisichana, niko chini ku kijito ninaosha viazi. Nilisikia kitu mbali, pu, pu, pu. Nikasema mu roho: leo kuko mwenye anatwanga sombe, majani ya muhogo, mingi, labda kuko ndoa. Ninakuapia. Njo vile risasi ilifika kwangu, kama harusi ya bantu bengine.

Niliinua macho kwa sababu ile sombe haikuisha. Nikaona njano. Mama alikuwa anashuka. Bantu bote banapanda kukimbilia pori, yeye peke yake anashuka, kitenge inapepea mukononi, kinywa wazi, anaita jina yangu najua, lakini mimi niliona tu kinywa. Akanikamata mukono. Tulipita mu mashamba, na pale mu mabua ya mahindi yenye balikuwa bamekata, mama akakanyaga moja, ikaingia mu muguu mpaka katikati. Hakusimama. Tulitembea hivyo mpaka Mweso, na muguu ikavimba njiani.

Benye kuchoma nyumba yetu balikuwa bavijana ba vilima ya jirani, na bunduki balizopewa na bakubwa benye hatukuona uso. Hao hawakunijua. Lakini Venansia, Anaklet na Ndoole balinijua jina, na Papa yangu pia. Kama masikio yangu ingekuwa inasikia, mama angeita toka juu na mimi ningepanda. Hangeshuka. Njo hesabu yangu mimi, ya mwaka ya ine.

Ku hospitali, Mweso, balimulaza mama. Infirmière mwenye kumutunza aliitwa Mama Alphonsine, mwanamuke munene wa kucheka mingi. Alinielezea dawa ya kumupa mama. Nikasema eeh. Akauliza kama nimeelewa. Eeh. Akauliza jina yangu. Eeh. Akasimama, akanigeuza kichwa kama muntu anaangalia papayi sokoni, akawasha kimwangaza kidogo, akachungulia ndani.

"Mama yangu!" alilia. "Huyu ni mutoto ao ni gala ya maharagi?"

Hakutwaa pini, hakutwaa nyoya. Mbele alinipa matone ya kulainisha, asubuhi na mangaribi, siku kadhaa, na akanikataza kuingiza kitu hata kidole. Kisha akaniketisha, basani chini ya shingo, akajaza seringi kubwa yenye haina sindano na maji. Aliipima ku mukono yake kwanza: isiwe baridi, isiwe moto, iwe sawa maziwa yenye imetoka sasa mu ngombe. Akavuta sikio juu na nyuma kidogo, akasukuma maji polepole, kuelekea pembeni ya juu, hapana katikati. Nikasikia mutoni inapita mu kichwa. Mara moja, mara ingine. Kisha kitu ikaanguka mu basani: tok.

Ilikuwa nyeusi, ngumu, kubwa kama maharagi ya mbegu. Alphonsine akaipasua na kijiti. Mulikuwa kipande ya nta ya nyuki ya Ndoole. Mulikuwa vinyweleo vya nyoya ya kuku. Utoto yangu yote ilikuwa mule, imefungwa kama zawadi.

Sikio ya kushoto, alipochungulia, aliacha kucheka. Maji hapana, alisema. Ngozi ya ndani, ile ngoma ya sikio, iko na tundu ya zamani. Ukitia maji itaoza. Akatoa uchafu pole sana na kichuma kidogo yenye kichwa ya muviringo, anaangalia kila mwendo. Ile sikio haikurudi. Venansia, pini yako. Ninaandika hapa ili ijulikane.

Lakini ya kuume! Nilisikia kuku anatembea ku simenti: kumbe kuku iko na kucha! Nilisikia nguo yangu inasuguana. Nilisikia nzi. Nilirudi ku kitanda ya mama, akafungua macho, akasema polepole, vile muntu anasema peke yake, juu alijua siwezi kusikia: "Mutoto yangu amekonda." Nikamujibu: "Weye njo umekonda." Aliniangalia. Akanigusa sikio. Tulisema maneno mingi mu siku zile kuliko mu miaka yote. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kikohozi ndani, na alikuwa anapenda kusema kiazi, kiazi, ile kiazi unakumbuka. Muguu ikamubeba, akakufa mbele ya mahindi mupya kuiva. Nilisikia sauti yake karibu. Ile ya mbali, ile ya kuvuka bonde, siijue.

Sasa mimi niko mama, ninauza maharagi hapa Mweso, na mutoto yangu wa mwisho anaitwa Zawadi. Zawadi iko mu humanités, masomo ya sekondari, anasoma yote yenye balininyima. Ku masikio anapanda écouteurs za kusikiliza muziki tangu asubuhi mpaka analala, kisha anachokora na coton-tige, kijiti yenye pamba, kisha anapanda tena. Venansia alikuwa anafanya kazi hiyo siku ya posho tu. Hawa banajifanyia wenyewe kila siku, na banasema sisi njo bashamba.

Mwaka huu akaanza: "Hein? Hein, mama?" Mwalimu wake akaniita, anasema mutoto anaandika vibaya, labda ni uvivu, amemurudisha nyuma. Niliposikia ile neno nyuma, nikakumbuka mufagio ya Anaklet. Nikamuambia Zawadi: posho tunakwenda hospitali. Akasema, "Mama, ile ni ya bakijiji. Bote banakwenda kwa Jospin, ni kitu ya moderne, inatoka ngambo, niliona ku telefone."

Nikauliza Jospin ni nani. Jospin wa sokoni, mwenye kuwa na kiti ya plastiki na blouse nyeupe, ile koti ya docta. Jospin, mutoto ya Papa Ndoole.

 Nilikwenda mu gunia, nikachagua kiazi kubwa.

Nilimukuta Zawadi amekwisha kukaa ku kiti, kichwa upande, na Jospin na kiberiti mukononi. Mishumaa sasa iko ya rangi, mu plastiki, na picha ya mwanamuke muzungu anacheka. Papayi imevaa suruali, basi.

"Mama, karibu, ngojeni zamu," Jospin akasema.

"Muwashie huyu mbele," nikasema, na nikaweka kiazi ku meza. Nimekwisha kuitoboa.

"Mama, hii ni kiazi."

"Iko na masikio. Baba yako alinifundisha."

Zawadi alitamani ardhi imumeze. "Maman, je t'en prie, tafazali!" Lakini bamama ba soko bamekwisha kuzunguka, na mama ya soko hawezi kukosa kitu kama hii. Moja akapiga kelele: "Washa, docta! Ama mugonjwa hana pesa?" Jospin akakataa. Nikatwaa mushumaa mimi mwenyewe, nikausimamisha, nikauwasha. Tsss. Tukangoja bote. Ilipoisha nikapasua na kisu ya maharagi. Ndani: njano, nzito, yenye kunuka.

"Maskini kiazi," akasema mama mwenye kuuza samaki, "miaka yote hii hasikie!" Soko ikalipuka. Jospin akakunja blouse yake. Ananiangalia na macho ya baba yake, akasema neno upande ya kushoto yangu, neno yenye sikuisikia, na kwa mara ya kwanza nilishukuru Venansia.

Kule hospitali Alphonsine amekwisha kuzeeka na kupumuzika kazi. Infirmier kijana njo aliangalia Zawadi. Akamupa matone, akamurudisha nyumbani, tukakuya tena, maji ya vuguvugu, basani. Tok. Mu basani: nta, pamba ya coton-tige, na kampira keusi ka écouteur kenye kalipotea tangu Noeli. Zawadi alianza kulia, kisha kucheka, kisha akaweka mikono ku masikio: "Mama, mbona unasema kwa nguvu hivyo?" Nikamuambia ni sauti yangu, azoee. Amerudi ku banc ya mbele.

Enzi yetu hatukuwa na kitu, bonde ilikuwa inaitana na mimi sikusikia. Leo kila kitu iko, hata mashini ya kunyonya uchafu banasema iko Goma, na masikio ya mutoto yangu iko safi kama kikombe. Jana mangaribi nilisimama ku mulango, bugali imeiva, yeye iko chini ku robinet na bidon, anachota maji. Niliita. "Zawadi!" Niliita tena, mikono ku kinywa, vile bamama ba kwetu. Bantu bote ba robinet baligeuka, isipokuwa yeye. Amepanda écouteurs, kichwa inacheza.

Nikafungua kitenge, nikaipunga.